Taili Hazizuii Maji

Nitasema kitu na najua mafundi kadhaa watanikujia: taili za bafuni hazizuii maji. Hazijawahi. Zile zinang'aa kwa bafu ya rafiki yako kule Syokimau, na zile za hoteli ulipiga nazo picha ukiwa umejifunga taulo, zote zinapitisha maji. Shida si taili yenyewe sana. Ni ile mistari katikati, ile grauti. Grauti ya kawaida ni simiti na unga laini wa mawe, na simiti hunywa maji polepole, vile mtu hunywa chai ya moto. Kila siku inakunywa kidogo. Watu watano wakioga kila siku kwa miaka sita, hesabu mwenyewe.

(Taili ni vigae, kama mwalimu wako wa Kiswahili anasoma hii. Lakini ukiingia hadiwea yoyote ya Machakos uitishe vigae, watakuonyesha mabati.)

Najua haya juu nimeweka taili kwa shawa ya kwetu na mikono yangu, siku 18 nzima. Watu wameniuliza vitu viwili: ilikula pesa ngapi, na ati msichana alishika grainda aje. Ya pesa nitafika. Ya grainda, niliishika kwa mkono.

Sababu ya haya yote ni chumba cha Susu. Susu alihamia kwetu kutoka Masii ili asiwe anasafiri kila mara akienda kliniki ya presha pale Level 5. Chumba tulichompa kinagawana ukuta na bafu. Mwaka wa kwanza rangi ya ukuta huo ilianza kufura kama chapati. Baadaye ikatoka unga mweupe, unaonja unapata chumvi (ndio, nilionja). Mwisho kukatokea madoa meusi, kuanzia chini hadi pale kichwa cha kitanda kiko. Na usiku Susu anakohoa. Tulidhani ni baridi ya Iveti. Tukamnunulia blanketi.

Mathe aliita watu wa rangi mara tatu kwa miaka miwili. Wanakwangua, wanapaka, wanalipwa, wanaenda. Ukuta unapendeza miezi miwili halafu yale madoa yanarudi pale pale, ni kama yalikuwa yameenda tu kutembelea mtu. Sitaki kuwataja, na hata sidhani walikuwa na nia mbaya. Waliitwa kupaka rangi, wakapaka rangi.

Sasa, kabla uvunje kitu, jua kwanza maji yanatoka wapi. Inaweza kuwa ni bomba ndani ya ukuta, ama ni maji ya kuoga yanapenya. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa. Sisi tuna tangi juu ya nyumba, kama kila mtu hapa mjini, juu maji ya mfereji huja siku yanapotaka. Jioni moja nilifunga valvu ya kuingiza maji, nikapanda, nikatumbukiza fito kwa tangi, nikaweka alama. Nikaambia watu wote hakuna kugusa maji mpaka asubuhi, na choo mtatumia ya ndoo. Asubuhi nikatumbukiza fito tena. Alama ilikuwa pale pale. Kwa hivyo bomba ni nzima. Ni sisi wenyewe tulikuwa tunamwagia Susu maji kwa ukuta kila tukioga.

Halafu nikachukua shilingi ishirini nikagonga taili moja moja. Taili iliyoshika vizuri inatoa sauti fupi, kama unagonga jiwe. Ile iko na nafasi nyuma inalia kama kikombe tupu. Ukuta wa shawa ulikuwa na taili zaidi ya thelathini. Zilizolia kama jiwe zilikuwa nne.

Tuliita fundi aangalie. Akasema shilingi 18,000, kila kitu ndani, siku mbili, na hatavunja. "Tunapiga juu ya hizi za zamani, madam. Itakuwa safi, hutajua." Nikamuuliza, na maji yenye yako ndani ya ukuta sai yataenda wapi? Akacheka kidogo, akasema yatakauka.

Simlaumu sana huyu jamaa. Nimefikiria hii maneno na nadhani anauza kile tunanunua. Sisi wateja tunauliza maswali mawili tu: ngapi, na unamaliza lini. Hakuna mtu anaitisha kuona kazi kabla ifunikwe. Kama fundi mmoja atasema wiki mbili na ile yote katikati ni kungoja vitu vikauke, na mwingine aseme siku mbili, yule wa wiki mbili atalala njaa. Kuna mafundi wamefanya mtihani wa NITA na wanajua haya yote kuniliko. Ukiwaongelesha vizuri watakwambia wateja ndio hukataa kulipia safu ambayo haitaonekana.

Mathe hakufurahia.

"Wewe utaweka taili?"

"Nitaweka."

"Umesomea wapi?"

"Nimesoma vile zinashikana, Mum. Na kama sitavunja, utaita mtu wa rangi mara ya nne."

Alinyamaza, halafu akauliza tutaoga wapi. Hapo nilijua amekubali. Jibu lilikuwa chooni, na karai. Kwa siku 18. Kakangu bado hajanisamehe.

Kabla kuvunja niliita fundi wa stima atoe ile shawa ya umeme na azibe nyaya. Hiyo ilikula 1,000 pamoja na kuirudisha, na ni pesa sitawahi kulilia. Kuna vitu mtu anajifanyia na kuna vitu vinamuua. Stima na maji pamoja ni hiyo ya pili.

Sasa kuvunja. Taili zilitoka rahisi, nyingine zilianguka nikiguza tu. Nyuma yake niliona kwa nini. Kila taili ilikuwa imeshikwa na madonge matano ya simiti, pembe nne na katikati, vile mtu huweka magarini kwa mkate bila kusambaza. Kati ya madonge ni nafasi tupu, na kwa hizo nafasi kulikuwa na maji. Maji kabisa, yanateremka. Plasta ya nyuma ilikuwa nyeusi, na nikiibonyeza na kidole mchanga unaachia maji.

Hapo ndio nilikumbuka kitu kila Mkamba anajua. Ukienda mtoni wakati wa kiangazi, mto umekauka, juu ni mchanga tu unachoma miguu. Lakini unachimba na kikombe, mkono mmoja chini, mchanga unakuwa baridi, halafu maji yanaanza kujaa. Jua haliyafikii huko. Hiyo ndiyo akili ya mabwawa ya mchanga: unajenga ukuta kukata mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa kati ya chembe zake hadi kiangazi. Kikundi cha Utooni, kile Joshua Mukusya alianzisha hapa Machakos mwaka wa 1978, kilijenga nayo jina, na watu kutoka nchi zingine wamekuja kujifunza.

Sasa angalia ukuta wa bafu yetu. Plasta ni mchanga na simiti. Mbele kuna taili zinazuia jua na upepo. Maji yanaingia kwa mistari, hayana pa kutokea, yanakaa. Tulikuwa tumejenga bwawa la mchanga, la kusimama, futi saba, na upande wa pili tukaweka kitanda cha Susu.

Nilimwita aone. Alikuja na fimbo yake, akagusa ile plasta, akanusa kidole. "Hii ni maji ya mto," akasema. Akaenda kukaa nje kwa jua.

Nilitoa plasta yote mpaka mawe yakaonekana, nikaacha ukuta wazi siku nne na dirisha wazi, halafu nikapiga plasta mpya, mchanga debe nne kwa simiti debe moja. Mchanga wa hapa kwetu ni mzuri lakini una udongo, na udongo unafanya plasta ivunjike kama biskuti. Weka mchanga kwa chupa ya plastiki hadi nusu, jaza maji, tikisa, uache itulie saa chache. Udongo utakaa juu kama safu ya uji. Ikiwa ni nene, oga huo mchanga au urudishe. (Na uulize umetoka wapi. Mito ya Ukambani imechotwa hadi mwamba ili Nairobi ipande ghorofa. Majirani zetu wa Makueni walitunga sheria yao ya mchanga mwaka wa 2015. Bwawa la mchanga bila mchanga ni ukuta tu.)

Plasta mpya inataka kunyweshwa maji kwa wiki moja ili iwe ngumu, na hapo ndio majirani walianza kusema. Maji hayajakuja siku nne, unanunua mtungi kwa mkokoteni, halafu unarushia ukuta! Ni kweli inauma. Lakini plasta iliyokauka haraka na jua la huku inapasuka nyufa ndogo ndogo kama nywele, na ufa wa nywele unatosha maji.

Safu iliyofuata ndiyo ningetaka ukumbuke hata ukisahau mengine yote. Ni dawa ya kuzuia maji, ile ya kuchanganya unga na majimaji meupe, unapaka na brashi kama rangi nzito. Unapaka sakafu yote na ukuta kupita juu ya kichwa cha shawa. Safu ya kwanza unapaka kuelekea kulia na kushoto, ikikauka ya pili unapaka juu na chini, ili pale brashi iliruka mara ya kwanza isiruke tena. Kwenye kona, pale ukuta unakutana na sakafu, unazamisha utepe wa wavu ndani ya hiyo dawa, juu kona ndizo hupasuka kwanza. Hii ndiyo inazuia maji. Taili ni nguo tu.

Iliponikaukia nilifanya jaribio moja la bure ambalo sijaona mtu akifanya huku mtaani. Nilifunga tundu la maji na kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, nikajenga kizingiti kidogo mlangoni, nikamwaga maji kina cha kidole kimoja, nikaweka alama ya penseli ukutani. Saa 24. Hakuna kuingia. Kesho yake maji yalikuwa kwa alama, na sakafu ya chumba cha Susu kavu. Ukiajiri fundi, itisha hii. Mwambie utalipa hiyo siku. Fundi mzuri atafurahi, na yule mwingine ataanza kukuelezea vile haina haja.

Kununua taili kulileta drama kidogo. Jamaa wa hadiwea aliniuliza mara mbili fundi wangu yuko wapi, ndio aongee naye. Nikamwambia fundi ni mimi. Akasema sawa, halafu akanionyesha taili za sakafu zinang'aa kama kioo, ati ndizo akina mama wanapenda. Nilimwagia moja maji ya chupa yangu nikaiguza na kidole cha mguu. Yeye mwenyewe alicheka. Ujerumani wana kipimo cha taili za kukanyagwa na miguu mitupu, A, B na C, na bafu za kuoga zinawekwa B. Boksi nyingi hapa hazina hiyo alama, kwa hivyo maji na kidole cha mguu ndio maabara yako. Mtu wa miaka sabini na kitu akiteleza bafuni anaweza kuvunjika nyonga, na hiyo si stori ya kurudi kesho.

Nilichukua taili ngumu za rangi ya kijivu zisizong'aa, sentimita 30 kwa 30, nikazikata vipande vya kumi kwa kumi. Vipande 120. Sababu ni mbili. Sakafu ya shawa lazima iteremke kuelekea tunduni, sentimita moja na nusu hivi kwa kila mita, na taili kubwa haipindiki kufuata huo mteremko. Ya pili, mistari mingi inashika mguu. Kukata ni siku moja nzima ya grainda nje uani, barakoa na miwani, vumbi la taili si la kuvuta kabisa, na majirani wakipita polepole kuliko kawaida. Baba Mwende wa ploti ya nyuma alisimama kabisa. Akaniuliza kama nimekosa kazi. Siku mbili baadaye alirudi kuuliza kama nitaangalia bafu yake.

Kuweka taili zenyewe, kusema ukweli, ndiyo sehemu fupi. Video nyingi za kujifanyia kazi ni za Marekani, na kule nyumba nyingi kuta za ndani ni mbao na bodi, kwa hivyo nusu ya wanachofanya hakikuhusu wewe wa ukuta wa mawe. Lakini kitu kimoja wanasisitiza na wako sahihi: sehemu za maji, gundi ishike angalau asilimia 95 ya mgongo wa taili. Unapaka gundi ukutani na mwiko wenye meno, mistari yote upande mmoja, unapaka safu nyembamba kwa mgongo wa taili pia, unabandika, unasukuma mbele na nyuma kuvunja ile mistari. Halafu kila baada ya taili kadhaa unang'oa moja uone mgongo. Inauma kung'oa kitu umetoka kubandika. Ng'oa.

Pia usianzie chini. Sakafu imeteremka, kwa hivyo ukianzia hapo kila mstari utafuata huo mteremko hadi juu. Nilipigilia ubao ulionyooka kwa pimamaji, nikaanzia safu ya pili, nikapanda. Ubao ukatoka, sakafu ikawekwa, na ile safu ya chini kabisa nikaikata mwisho kutoshea. Na kwa kona sikuweka grauti. Niliweka silikoni, kwa sababu ukuta na sakafu husogea kidogo na grauti haijui kusogea.

Basi pesa. Taili za ukuta boksi sita, 9,000. Za sakafu 1,600. Dawa ya kuzuia maji 5,200, na nilimwona mathe akihesabu mara mbili. Gundi mifuko mitatu, 2,400. Simiti, mchanga, grauti na silikoni, 2,500 zote. Mwiko na vitu vidogo 950. Grainda ya kukodi siku mbili na diski yake, 1,450. Fundi wa stima 1,000. Jumla 24,100.

Ndio, ni 6,100 zaidi ya yule fundi. Na sijahesabu siku zangu. Kwa hivyo mtu akikwambia ujifanyie ndio uokoe pesa, muulize aliruka safu gani. Nilichonunua na hizo 6,100 ni kwamba hakuna kitu nyuma ya hizo taili sijakiona kwa macho yangu. Kama una fundi anakuruhusu kusimama hapo uone kila safu kabla ifunikwe, mlipe yeye, na umlipe vizuri. Mgongo wangu bado unauma.

Chumba cha Susu bado hakijapakwa rangi, na watu wanadhani tumeishiwa. Ukuta wa mawe uliokunywa miaka sita haukauki kwa wiki. Nimekwangua rangi yote ya upande wake, na nimebandika kipande cha plastiki safi, ukubwa wa daftari, kingo zote zimefungwa na seloteipu. Ukuta ukiwa bado na maji, asubuhi unakuta matone ndani ya plastiki. Wiki ya kwanza yalikuwa yanateremka. Jumapili hii ilikuwa ukungu tu kwa upande wa chini. Susu ndiye anaangalia sasa, kabla hata avae miwani, halafu anakuja jikoni kunipa ripoti. "Mwiitu, leo imetoka jasho kidogo." Mathe ashanunua rangi, iko chini ya kitanda. Nimemwambia angoje.